Shefu wa Maji ya Shimoni

Sisi wafanyakazi tulimwita Shefu wa Maji, yaani mkuu wa maji, na wengi wetu hatukulijua jina lake mpaka siku lilipobandikwa ukutani pamoja na majina ya wenzake. Nilikuwa naibu wake kwa miaka kumi na mmoja. Kazi yetu ilikuwa kutoa maji katika mgodi wa shaba wa chini ya ardhi, huku kwetu Kolwezi. Shaba ya huku inalala ndani ya maji. Ukizima pampu juma moja tu, huna mgodi tena, una kisima. Habari za ukoo wake na utoto wake usiniulize. Nilikuwa na muda wa kumuuliza, sikuuliza, na leo sitaki kujifanya nazijua.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na urefu wake. Nywele alizipaka dawa nyeusi kila mwisho wa mwezi, na ole wako umwambie umeona mvi. Kahawa aliiacha ipoe kabisa ndipo akainywa. Asante haikuwa neno lake. Miaka yote ile nilimsikia akilisema mara mbili, na mara moja alikuwa anamwambia daktari.

Injinia mpya alipoletwa kwetu, Shefu hakumpa meza. Alimpa buti na taa, akamwambia, "Kesho asubuhi tutafuata mayi." Wengi walidhani ni maneno tu. Kesho yake walishuka naye mpaka chini kabisa, pale maji yanapochuruzika kwenye mwamba, wakayafuata kwa miguu: mfereji, tangi la matope, chumba cha pampu cha chini, bomba, chumba cha pampu cha juu, halafu nje juani, kupita kiwanda cha kusaga mawe, kupita nyuma ya kampi ya wafanyakazi ambako akina mama walikuwa wakifulia nguo kwa maji yaleyale, hadi yanapomwagika mtoni. Ilikuwa safari ya siku nzima. Kila kituo aliuliza swali moja: "Hapa ikikwama, nani atalia wa kwanza?"

Namkumbuka mmoja, ametoka chuo kikuu, tai shingoni. Walipofika kiwandani akasema, "Shefu, hapa haiko tena sekshoni yetu."

"Mupaka iko wapi?"

"Iko kwenye plani, Shefu. Ile mustari nyekundu."

"Na mayi ilisoma ile plani?"

Tulicheka sana sisi tuliobeba taa. Yeye hakucheka. Kesho yake alimrudisha chini, akaanza naye upya kutoka kwenye mwamba. Yule injinia baadaye akawa hodari kuliko mimi, lakini alikuwa Mkasai, mtu wa asili ya mkoa wa Kasai, kama Shefu mwenyewe, kwa hiyo aliondoka pamoja na wengine.

Kitu kikiharibika mgodini, jambo la kwanza ambalo watu wanaleta ofisini ni jina. Fulani alisinzia. Fulani hakukaza nati. Tulilelewa hivyo tangu wakati wa wazungu: mashine ikifa, lazima mtu apatikane, aadhibiwe, ripoti ifungwe. Yeye jina hakulipokea. "Usiniletee mutu," alisema. "Niletee njia." Ukianza kueleza, anakukata: "Na mbele ya ile?" Ukieleza tena, anauliza tena: "Na mbele ya ile?" Mbele, kwa Kiswahili chetu, ni kabla. Alitaka umpeleke nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mahali ambapo hakuna mtu wa kulaumu, kuna mambo mawili tu yaliyokutana vibaya. Kuna siku nilimchukia hasa kwa swali lile. Unafika umechoka, umelowa hadi kiunoni, unalo jina tayari mdomoni, naye anakutazama tu na kikombe chake.

Mwaka mmoja motere za pampu ya tatu ziliungua mfululizo, tatu ndani ya miezi miwili. Mafundi wa umeme wakasema pampu inakaza. Mafundi wa pampu wakasema umeme ni mbaya. Watu wa manunuzi wakasema motere zenyewe ni hafifu. Kila ofisi ilikuwa na barua yake, na barua zote zilikuwa na akili ndani. Shefu akachukua kiti, akakaa chumba cha pampu siku nne bila kugusa hata skrubu moja. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee amechoka kazi.

Siku ya tano akapanda juu. Hakwenda kwa mafundi, akaenda kusimama mbele ya ubao mweusi uliokuwa mlangoni mwa mkurugenzi. Ubao ule uliandikwa kila siku saa sita mchana: kila sekshoni imetoa tani ngapi. Mkuu wa kiwanda hakutaka kuaibika saa sita, kwa hiyo asubuhi aliwasha vinu vyake vyote kwa mpigo mmoja, na wakati huohuo sisi tulikuwa tunawasha pampu baada ya kubadilisha zamu. Umeme ukalegea, motere zikapata joto, zikafa moja moja. Shefu akaomba kitu kimoja tu: ubao uandikwe jioni. Walibishana naye majuma mawili. Mwishowe ubao ukaandikwa jioni, mkuu wa kiwanda akaacha papara za asubuhi, na motere haikuungua tena hadi nilipokuja kuwa shefu mimi.

"Kumbe ulitengeneza motere na chaki," nikamwambia, nikitaka kumsifu.

"Motere haikukuwa na ugonjwa," akajibu, akaondoka.

Sasa usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na kiburi, alimliza karani wake kwa kosa la nukta, na bomba la jikoni kwake lilivuja miaka sita. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, aliweka sufuria chini yake, ikijaa anamwagia mboga. Mama alizaliwa hapahapa Kolwezi, ingawa kwao ni Kasai. Kiswahili chetu alikisema kuliko mimi, na kampi nzima alijua nani kajifungua na nani kafiwa. Jumapili baada ya misa alinipakulia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo bila kuniuliza kama nina njaa. Siku moja mumewe alikuwa akinichorea mezani namna maji yanavyoshikana na umeme, umeme na kiwanda, kiwanda na chakula cha watoto wetu. Mama akainama juu ya mchoro, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Tata, hapa batu beko wapi? Mi naona mashini tu."

"Batu beko ndani ya mashini."

"Eh! Haya, endelea," akasema, akacheka, naye Shefu akacheka. Mimi nilikula.

Na kuna jambo jingine ambalo nililiona mapema nikanyamaza. Alituhubiria kila siku kwamba kazi isikae kichwani mwa mtu mmoja, tuambiane, tuandikiane. Lakini ukimuuliza namna ya kuwasha pampu upya umeme unapokatika mgodi mzima, anakuambia, "Nitakuonyesha siku ikifika." Siku ikifika alifanya mwenyewe, upesi, mgongo wake mrefu umezificha valvu zote. Kitabu cha maelekezo kilikuwepo, kimejaa grisi, naye hakukifungua hata mara moja. Nadhani alipenda kuhitajiwa. Hata mimi ningependa.

Halafu vipuri vikaacha kuja, na tukaanza kula mashine. Ndivyo tulivyosema: pampu ya nne inaliwa ili ya pili iishi, lori moja linaliwa ili mawili yatembee. Wakuu wa sekshoni walikula vya wenzao walipopata nafasi, na hakuna aliyekosa sababu. Shefu akachora ukuta mzima wa ofisi: kitu gani kimetolewa wapi, kimekwenda wapi, na nini kitakufa baada ya hapo. Wakuu walipokutana nilikwenda kumbebea karatasi, nikakaa nyuma yake. Wakasoma ripoti. Kiwanda, vizuri. Malori, si haba. Umeme, vizuri. Zamu ya Shefu ilipofika hakufungua karatasi.

"Kama shiye bote tuko bazuri," akasema kwa sauti ile ndogo, "juu ya nini mugodi inakufa?"

Mkurugenzi akatazama saa yake. Jioni ileile walikuja kuchukua motere yetu ya akiba, kwa karatasi yenye mihuri mitatu, na mimi ndiye niliyewafungulia mlango.

Baada ya hapo ikaja siasa. Sitaeleza sana. Wakubwa walisimama uwanjani wakatuambia njaa yetu inaletwa na Wakasai, watu ambao babu zao waliletwa na wazungu kuchimba shaba yetu. Waliwaita bilulu, yaani wadudu. Miaka kumi na mmoja Shefu alikuwa ametukataza kuleta majina, na sasa mji mzima ulikuwa umepata jina, ukaridhika. Watu niliokwenda nao kipaimara walipita barabarani na petroli. Mimi sikubeba petroli. Sikufanya lolote, wala la kuwazuia. Ukiniuliza nilihisi nini, nitakuambia kweli: nilikuwa nimekufa ganzi, nilikwenda kazini, nikarudi, nikalala.

Yeye hakuamini kwamba watamgusa. Aliipiga hesabu mbele yangu, akitumia vidole: bila watu wa pampu hakuna mgodi, bila mgodi hakuna mshahara, bila mshahara hawa wanaopiga kelele watakula nini? "Hawawezi kufanya vile," akasema. "Itabaangukia beye benyewe." Kwamba ingewaangukia, alisema kweli. Alichokosea ni kudhani kwamba hilo lingewazuia.

Juma lile mkurugenzi akaniita. Kampuni ilitaka kubakiza Wakasai wachache, wale ambao kazi ingesimama bila wao; wangewekewa askari mlangoni hadi fujo zipoe. Akanikaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"We uko mutu wa hapa," akasema. "Niambie kweli. Unaweza kuongoza pampu peke yako?"

Mama yangu ni wa Sandoa, baba yangu wa Lubudi, kote ni mkoa wetu huuhuu. Hakuna ambaye angenigusa. Ningeweza kusema hapana, na hapana ilikuwa kweli. Lakini niliwaza mlango wa ofisi ya Shefu, ambao ungekuwa wangu, niliwaza namna walivyomtazama mtu aliyemtetea Mkasai siku zile, na sijui hadi leo ni lipi lilinisukuma zaidi. "Ndiyo, Tata Direkteri," nikasema. "Naweza." Hata kiti hakikupata joto. Ijumaa jina la Shefu likabandikwa kwenye orodha ya wanaofukuzwa.

Wakasai wakahamia stesheni, gare kama tunavyoiita, na magodoro yao, wakangojea treni chini ya maturubai. Kutoka kwangu hadi pale ni mwendo wa dakika kumi, na mimi nikaanza kwenda kazini kwa njia nyingine. Nilisikia watu wanakufa pale kwa kuhara. Sikuuliza ni akina nani. Kila asubuhi nilijiambia nitakwenda jioni, na jioni sikujua ningemtazama vipi. Majuma matatu yakapita hivyo, halafu nikasikia treni imeondoka nao.

Juma la nne umeme ukakatika mgodini na pampu zote zikasimama. Uliporudi, nilifungua kitabu, nikafuata kama kilivyoandikwa: valvu ya juu kwanza. Maji yaliyokuwa bombani yakashuka kwa kishindo, yakapasua bomba la chini. Siku tatu baadaye vyumba vyote viwili vya pampu vilikuwa ndani ya maji. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Wakafunga sehemu ile ya mgodi, na kama kawaida yetu wakatafuta jina. Ripoti ikasema Mkasai mmoja aliharibu mitambo kabla ya kuondoka. Nikaitia sahihi.

Miaka ikapita. Mshahara ulipokoma kabisa nilianza kupeleka samaki wa chumvi Kasai kwa treni. Safari moja, sokoni Mwene-Ditu, nilitafuta kivuli kando ya mashine ya kusaga mahindi, nikamkuta Shefu ameketi pale kwenye kibao, miwani imefungwa kwa uzi, anamfundisha mtu kukaza mkanda wa mashine. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Akanisogezea kibao.

"Jambo, Naibu."

"Jambo, Shefu. Mama yuko?"

Yeye akaniuliza, "Mayi ilifika wapi?"

"Ilipita chumba ya juu."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Akafumba macho kidogo. Nilijua yuko shimoni. "Ulifungua valvu ya juu kwanza," akasema.

"Buku inasema vile, Shefu."

"Ile buku ni ya zile pampu za zamani. Balibadilisha pampu, hawakubadilisha buku." Akaongeza, "Na mi sikuandika. Ile ni yangu."

Basi nikaona nikikaa kimya sasa, nitakaa kimya hadi kufa. Nikamwambia yote ya ofisini kwa mkurugenzi: kiti, swali, jibu langu. Maneno yalinitoka makavu kama mtu anayesoma orodha ya vipuri. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimelisubiri tusi hilo kwa miaka.

"Balinionyesha," akasema. "Iliandikwa kwenye karatasi: naibu anasema anaweza. Nilicheka."

"Haukukasirika?"

"Nilijua hauwezi. Na nilijua weye pia unajua. Nikasema, atakuya. Hata kama anaona haya, atakuya pale gare aniulize valvu, sababu hawezi kukubali mugodi ijae mayi. Treni ya kwanza ilifika siku ya tano. Tulipata nafasi nzuri, behewa yenye paa. Mama akasema, Tata, tupande. Nikamwambia, tungoje kidogo, Naibu hajafika."

Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, ikabidi asogee karibu na sikio langu.

"Ile ya pili ilifika nyuma ya siku kumi na tatu," akasema. "Mama alikuwa amekwisha kuzikwa. Kuhara, siku mbili tu. Yuko nyuma ya depo ya gare, upande wa ukuta, kaburi ya tatu. Tuliweka kipande cha reli, hakukukuwa na musalaba."

Nilitaka kumwambia habari ya ile ripoti niliyoitia sahihi. Sikuweza. Akanishika goti, si kwa ukali, akaniuliza kama bado ninakaa nyumba ileile. Nikasema ndiyo.

"Basi ukipata nafasi upalilie pale. Mi sitafika tena kule."

Nikamwahidi. Nikamwachia samaki watatu, akasema asante. Nilirudi Kolwezi kwa treni ya Alhamisi. Mvua za misimu miwili zimeshapita tangu hapo, majani yatakuwa yamefika kiunoni, na bado sijaenda.